Mguu wa Kushoto wa Yohanes

Maisaka, Babati
14 Januari 2024

Baba mdogo Fabiani,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Inyonga, wewe na Mama mdogo na nyuki wenu. Nimeamua kuandika kwa sababu simu imetushinda. Siku mtandao unapopatikana, sikio lako linagoma, na unaongea peke yako mpaka salio linaisha. Barua hii nampa konda wa basi, ataiacha dukani kwa Felix anayekuuzia asali yako. Mwambie Felix asiifungue.

Sisi hatujambo. Mama anaendelea vizuri. Magoti yanamsumbua akienda jumuiya, ila akienda mnadani hayasumbui. Mwanangu Brightness ameingia darasa la tatu na ameota meno mawili makubwa ya mbele, kila anayemwona anasema amefanana na wewe. Nimempa pole. Mahindi yalikubali mwaka jana na mwaka huu tumeshapanda.

Sasa jambo lenyewe. Kamati ya maji ya Bonga imenipa kazi. Mwezi wa tisa inatimia miaka ishirini tangu maji yafike, na wanataka sanamu ya Baba isimame kando ya tenki, kwa kuwa ndiye aliyewaongoza kuchimba ule mtaro. Wanataka kubwa, mara mbili ya mtu. Unajua mimi nimeshatengeneza twiga wawili wa hoteli, Bikira Maria wa kigango, na kambare wa muuza samaki mmoja karibu na ziwa. Mtu niliyemfahamu sijawahi kumtengeneza. Nimekubali, na tangu nikubali silali vizuri.

Tatizo ni kwamba picha zake tulizonazo ni mbili tu. Moja ni ya kitambulisho, kichwa na mabega. Nyingine ni ya harusi ya mwanao Devotha, amekaa nyuma ya keki. Kuanzia kifuani kwenda chini hatuna Baba. Lakini wewe ndiye pacha wake, mliyefanana mpaka Bibi akawafungia uzi mkononi ili asimnyonyeshe mmoja mara mbili. Njoo unisimamie wiki moja hapa karakana. Chumba kipo na kitanda ni kipya.

Tangu uhame hujarudi hata mara moja. Hata msiba wa Baba ulikukuta daraja limekatika. Mama anasema miaka mitatu imepita, daraja litakuwa limeshajengwa.

Mwanao anayekusubiri,
Kandida


Inyonga
2 Machi 2024

Mwanangu Kandida,

Milele amina, na marahaba. Barua yako nimeipata. Felix aliifungua, anakusalimu, na anasema kambare angependa kumwona.

Hapa ni wazima. Devotha amejifungua mtoto wa kiume kule Tabora, wa tatu sasa. Wamempa jina la Romanus, jina la baba mkwe wake, bila kuniuliza. Mama mdogo amekwenda kumwogesha mtoto na amerudi na sifa nyingi. Mvua ni nzuri. Nimetundika mizinga kumi na minne mipya.

Hiyo mizinga ndiyo inayonizuia kuja. Nyuki wageni hawaachwi peke yao, wakikosa mtu wa kuwazoea wanahama. Lakini nimekufanyia jambo bora kuliko kuja. Kwenye kifurushi hiki utakuta kamba saba za katani. Mama mdogo alinisimamisha mlangoni akanipima kama fundi nguo, na kila kamba tumeifunga kitambaa chenye maandishi. Kimo, mabega, mkono, kiganja, kifua, kiuno, unene wa shavu la mguu. Wewe zidisha mara mbili, kazi imekwisha. Kwenye kifua nilivuta pumzi, kwa hiyo punguza kidogo. Mama mdogo anasema punguza sana. Tumbo usilitafute kwenye kamba, baba yako hakuwa na tumbo, hili langu ni la asali.

Mguu nimekupimia mmoja, wa kulia. Wa pili ni hivyo hivyo.

Uso una picha, na ukikwama mahali niandikie. Kumbuka kwamba alinitangulia kuzaliwa kwa robo saa na hakuacha kunikumbusha. Umbo lilikuwa la wote wawili, majivuno yalikuwa yake peke yake. Mpe shemeji yangu salamu na asali chupa hiyo kubwa. Ile ndogo ni ya meno ya Brightness.

Ni mimi,
Baba mdogo wako Fabiani


Maisaka
28 Aprili 2024

Baba mdogo,

Shikamoo, na hongereni kwa mtoto. Asali imefika, chupa ndogo haikumaliza siku mbili. Brightness ameshika nafasi ya nne darasani na anadai ni kwa sababu ya asali hiyo. Mama hajambo.

Kamba zako zimefanya kazi, na ndizo zilizoniponza. Nisikilize vizuri.

Nilisuka kiunzi cha nondo kwa vipimo vyako, nikakisimamisha katikati ya karakana, kichwa kikagusa bati ikabidi tufungue paa upande mmoja. Nikavisha wavu wa kuku, nikaanza kupaka saruji, tabaka baada ya tabaka, kutoka miguuni kwenda juu. Wiki tatu nilishinda juu ya ngazi na mwiko. Uso niliufanya mwisho kabisa, na nakwambia bila haya kwamba uso umekubali. Pua ni ile, paji ni lile. Nikaenda kumwita Mama.

Mama alisimama mlangoni na fimbo yake. Alimtazama kutoka juu mpaka chini, akafunga kanga vizuri, akasema, "Shemeji, karibu. Umerudi lini?"

Nilidhani ananitania. Lakini kesho yake Natalia wa mashine ya kusaga alipita kuchukua ndoo yake, akachungulia, akasema, "Ee, Fabiani wamemweka kule ndani peke yake?" Tangu hapo wamekuja watu sita, wote wanaokufahamu tangu zamani, na wote wamekusalimu wewe. Mmoja alikukumbusha habari ya jembe lake. Nimetengeneza sanamu ya mtu aliye hai, na hata si huyo niliyeagizwa.

Nilimuuliza Mama kasoro iko wapi, maana uso ni mmoja. Akainua fimbo akagusa miguu. "Hii miguu haijawahi kuumia," akasema.

Hapo nikajiona mjinga. Baba alikuwa anachechemea, nimelisahau vipi hilo? Ulinitumia kamba ya mguu mmoja ukaniambia wa pili ni hivyo hivyo, nami nikaiamini kamba kuliko kumbukumbu yangu. Alipoumia nilikuwa bweni, kidato cha pili, nikarudi likizo nikaambiwa alianguka na baiskeli. Baadaye nikaenda Arusha nikakaa miaka yote ile, nikawa nakuja Krismasi tu, na Krismasi watu wanakaa. Kwa hiyo namkumbuka akiwa amekaa, na namkumbuka akitembea. Alivyokuwa akisimama sikumbuki, na sanamu yangu imesimama.

Nimemwomba Mama anieleze. Kasema, "Muulize mwenzake." Basi nakuuliza. Mguu wake wa kushoto ulikuwaje, na aliumiaje hasa?

Kandida


Inyonga
26 Mei 2024

Mwanangu Kandida,

Marahaba. Tumefurahi sana kusikia nafasi ya nne. Mwambie ajitahidi, wa tatu hayuko mbali. Mama mdogo ana kikohozi kidogo lakini anakohoa huku anaongea, kwa hiyo si kibaya.

Msimu wa asali unakaribia na mwaka huu utakuwa mkubwa. Miti ya miombo ilichanua vizuri. Nimetengeneza mzinga wa mbao ambao unafunguka kwa nyuma, nimeubuni mwenyewe, na wataalamu wawili wamekuja kuupiga picha. Nyuki wa huku ni wakali asubuhi na wapole jioni, tofauti na watu. Asali nyeusi ni ya kifua, nyepesi ni ya chai. Nitakutumia zote.

Kuhusu sanamu, umeshtuka bure. Kututofautisha mimi na Yohanes ni jambo dogo. Mvalishe kofia ya pama, alikuwa nayo ya kahawia na alilala nayo. Masharubu yake yalikuwa mazito kidogo upande wa kulia kwa sababu alinyoa bila kioo. Sikio la kushoto lilitoka nje kuliko langu, Bibi alimvuta sana hilo. Rekebisha hayo matatu, na watu wataacha kunisalimia.

Mguu ni habari ya baiskeli kama ulivyoambiwa. Mambo ya zamani. Usiyachimbe.

Nimeandika mengi leo, mkono umechoka.

Fabiani

*(Nyuma ya karatasi, kwa mwandiko mwingine)*
Kandida mwanangu, ni mimi mama yako mdogo. Barua hii ameiandika mara tatu. Mbili za kwanza zilikuwa ndefu kuliko hii na hazikuwa na nyuki hata mmoja. Amezitia jikoni. Usichoke kumuuliza.


Maisaka
23 Juni 2024

Baba mdogo,

Shikamoo. Mpe Mama mdogo pole ya kikohozi. Sisi wazima, baridi imeanza, asubuhi Brightness anaenda shule amevaa sweta la bibi yake juu ya sare.

Kofia nimeivalisha, masharubu nimeongeza, sikio nimelitoa nje. Sasa ni wewe mwenye kofia. Mama alicheka mpaka akatafuta kiti.

Jumatatu kamati ilikuja kukagua, watu wanane na Mwenyekiti wao Mzee Edward. Nilijiandaa kuaibika. Wakamzunguka, wakarudi nyuma, wakamzunguka tena. Mzee Edward akasema, "Hapa umetuheshimisha. Amesimama wima kama kiongozi." Wakapiga makofi, wakapiga picha, wakasema kazi imepokelewa na ibaki hivyo hivyo. Unaona? Wazee wale wamezoea kukupeni salamu moja wote wawili, na uso ukiwaridhisha hawatazami chini. Ningeweza kunyamaza. Mwezi wa tisa wangemfunua, padri angebariki, tungekula pilau, na watu wa Bonga wangepita mbele yako miaka mia moja wakidhani wanampita Yohanes. Tungejua mimi na Mama, Natalia na wale sita, na wewe.

Nilikaa na jambo hilo siku mbili. Kilichonisumbua ni Mama. Siku ya kamati alikaa kwenye benchi nje, hakuingia. Nilipomuuliza kwa nini, alijibu kwamba mume wake hayumo humo ndani, aingie kumfuata nani? Mimi Baba sikumzika vizuri. Nilifika siku ya pili, nikatupa udongo, nikarudi kazini. Nilidhani nikimtengeneza nitakuwa nimemwona angalau mara moja kwa utulivu. Kumbe nimetumia miezi mitano kumtengeneza mtu mwingine, samahani, hata kama ni wewe.

Kwa hiyo Jumatano nilichukua nyundo nikamvunja Baba mguu. Nilianzia chini ya goti la kushoto. Saruji niliyoimwagilia maji mwezi mzima ili ishike, ilishika kweli, imenichukua saa mbili. Nilipomaliza alikuwa amesimama kwa mguu mmoja na nondo. Nikakaa chini nikalia kidogo, kisha nikapika chai.

Kamati haijui. Kufunua ni Jumamosi tarehe 14 Septemba. Sitaki habari za kofia. Nataka kujua alisimamaje.

Kandida


Maisaka
21 Julai 2024

Shikamoo Baba mdogo. Hujajibu. Mvua hakuna, daraja halijakatika, na Felix ananiambia kwenye simu kwamba barua alikukabidhi mkononi. Mguu bado ni nondo. Mama anakusalimu.

Kandida


Inyonga
11 Agosti 2024

Mwanangu Kandida,

Marahaba. Leo sina habari za nyuki. Mama mdogo amepona, ndiye aliyenikalisha mezani akanipa kalamu, na amesema chakula kitakuja nikifika ukurasa wa pili.

Uliposema umemvunja mguu kwa nyundo, nilitoka nje nikakaa kwenye mizinga mpaka nikaitwa. Hukujua unamwandikia nani. Mimi nilimvunja kabla yako.

Ilikuwa mwezi wa sita, 2003. Mtaro ulikuwa umefika kwenye ile kona ya mawe juu ya Bonga. Tulianza kuchimba watu zaidi ya mia, siku hiyo tulikuwa kumi na wanne, na hao nao walikuwa wananung'unika. Jiwe kubwa lilikuwa limekaa katikati ya njia. Tulilifunga kamba, tukaizungusha kwenye kisiki. Saa ya kula wengine walishuka kivulini, lakini baba yako akasema jiwe litoke kwanza ndipo ale. Nikabaki naye. Yeye alikuwa chini anachomeka mtaimbo, mimi juu nimeshika kamba. Akaniuliza, "Umeshika?" Nikamwambia, "Nimeshika."

Uji wetu ulikuwa pale karibu yangu, sufuria moja na kikombe kimoja. Sisi tangu utoto hatujawahi kunywa bila kugombana nani aanze, na kila mara alianza yeye, kwa hoja ya ile robo saa. Nikaona leo nimempata. Nikaachia mkono mmoja nichukue kikombe. Hivyo tu, mwanangu. Sikuteleza, na kamba haikukatika. Nilitaka kunywa wa kwanza.

Jiwe lilimkuta chini ya goti. Hakupiga kelele. Nilipomtoa, neno lake la kwanza lilikuwa kwamba tusiseme. Watu wakisikia pacha amemvunja pacha, alisema, wataona kazi ina mkosi, kesho hatabaki mtu, na maji hayatafika. Baiskeli aliibuni yeye mwenyewe, hapo hapo, amelala. Nilimbeba mgongoni tukashuka kwa njia ya upande wa pili ili wenzetu wasituone.

Baada ya miezi miwili alirudi mtaroni. Mwaka mzima nilichimba nyuma yake, na mguu ule nikautazama kila siku. Yeye hakuwahi kunitajia hata siku moja, hata kwa utani, na sisi tulitaniana kwa kila kitu. Bora angenitukana. Siku maji yalipofika alicheza kwa mguu mmoja na nusu, watu wakacheka kwa furaha, mimi nikaenda kufunga mzigo. Nilisema nafuata nyuki.

Sikuja msibani. Daraja lilikuwa zima.

Sasa andika haya. Goti la kushoto lilikunjika kidogo na kutazama nje. Kisigino hakikugusa chini, alisimamia vidole. Kwa sababu hiyo nyonga ya kulia ilipanda na bega la kushoto lilishuka, kama upana wa vidole vitatu. Mkono wa kulia ulikuwa juu ya mpini wa sururu. Watu walidhani anaonyesha kwamba yeye ni mchapa kazi, kumbe ndiyo fimbo yake, hakutaka kushika fimbo ya kweli. Shingo iliinama mbele kidogo. Ukimtazama ungedhani yuko njiani kuondoka, na kumbe ndivyo alivyosimama.

Tangu hapo shavu la mguu huo lilikuwa jembamba. Ile kamba ya mguu niliyokutumia, ikunje theluthi moja, hapo utapata unene wake.

Mwambie shemeji yangu, au usimwambie. Mimi sijui. Wewe ni mtu mzima.

Fabiani


Maisaka
25 Agosti 2024

Baba mdogo,

Shikamoo. Barua yako niliisoma mara moja kimya kimya, na mara ya pili kwa sauti, maana Mama alikaa mbele yangu na ungo wake akasema nisome. Nilisoma yote, na jiwe, na kikombe. Alipepeta mchele mpaka mwisho wa barua. Kisha akasema, "Baba yako amekufa hajui kuendesha baiskeli."

Alijua tangu jioni ile. Mimi mwanaye nimeishi miaka ishirini na moja na hiyo baiskeli bila kujiuliza ilikuwa ya nani. Anasema Baba hakumwambia ni nani, wala yeye hakuuliza, lakini wewe ulikuja kila asubuhi miezi miwili ukakamua ng'ombe na kujaza mapipa ya maji, na hata siku moja hukuingia ndani kunywa chai. Anasema mtu wa kunywa chai kama wewe, akiikataa miezi miwili, hahitaji kuulizwa.

Anakuagiza hivi, na amenilazimisha niandike neno kwa neno: "Shemeji, uji ule niliupika mimi na ulitosha watu wawili. Kikombe cha pili niliacha nyumbani kwa haraka. Miaka yote nimelaumu kichwa changu kwa kikombe hicho. Sasa tumekuwa wawili, njoo tulaumiane tukiwa tumekaa."

Mguu nimeusuka upya kama ulivyosema. Nilikunja nondo ya goti ikatazama nje, nikainua kisigino, ndipo nikagundua mwili wote unadai kubadilika. Nikashusha bega vidole vitatu, mara mbili yake ni sita. Nikavunja mkono wa kulia nikauweka upya juu ya sururu. Kofia nimeivua. Nilipoinamisha shingo nilishuka kwenye ngazi, nikarudi nyuma mpaka ukutani, na nikasema shikamoo kabla sijajua nasema. Mama ameingia sasa. Aliingia bila kuitwa, akavuta kiti, akakaa chini yake anachambua maharage, na jioni nilimsikia anamwambia kwamba Edward ameezeka bati jekundu.

Edward mwenyewe alikuja juzi na akakasirika. "Tulipokea mtu mzima," akasema, "leo natuma watu waje kubeba kilema?" Akasema kamati haitakubali, wageni watakuja kutoka mkoani, na kiongozi hawekwi barazani hivyo. Mimi nilikuwa juu ya ngazi, nina saruji mpaka kwenye nyusi. Mama hakuinuka kwenye kiti.

"Edward," akasema, "mtaro ule ulichimba mbele ya Yohanes au nyuma yake?"

"Nyuma."

"Mwaka mzima?"

"Mwaka mzima, mama."

"Ulikuwa unaona nini?"

Mzee Edward alitazama ule mguu. Alivua kofia yake, akaigeuzageuza. Akasema kwamba siku moja alikuwa ameamua kuacha, amekwisha kubeba jembe, akaona kile kisigino kinapanda mlima mbele yake, akaona aibu, akarudi kuchimba. Kisha akaniuliza kama nitahitaji watu wangapi wa kubeba. Nimemwambia kumi na wawili, na trekta.

Umebaki mguu tu. Nimeuvisha wavu na tabaka la kwanza la saruji limekauka, la mwisho nitalipaka wiki ijayo, likae siku saba likimwagiliwa maji. Kitanda bado ni kipya. Nimesema yote, na Mama amesema yake. Uamuzi ni wako.

Mwanao,
Kandida


Inyonga
1 Septemba 2024

Mwanangu Kandida,

Marahaba. Basi limeleta barua yako kwa siku mbili. Felix hakuifungua safari hii, alisema bahasha ilikuwa nzito.

Mama mdogo anasema shikamoo kwa mama yako, na ameshafunga mabegi, langu na lake. Nyuki nawaachia Felix. Ukweli ni kwamba hawajawahi kuhama kwa sababu ya mtu kusafiri. Tunaondoka Jumatano, na tukijaliwa tutashuka stendi ya Babati Alhamisi tarehe 5. Usije na gari, chukua bajaji mbili, mimi na madumu ya asali hatuenei kwenye moja.

Mwambie shemeji yangu nitakunywa chai.

Kuna jambo moja naomba, na kama barua hii itakuta umeshalifanya nitakubali. Ule mguu wa kushoto usiumalize. Ufunike na gunia bichi mpaka nifike, uniwekee mwiko na ngazi fupi. Tabaka la mwisho nataka kulipaka mimi. Ijumaa tutamaliza, na siku zako saba za maji zitatimia na moja ya ziada. Mkono wangu si wa fundi, wewe simama nyuma yangu uangalie, na mahali nitakapokosea uniambie nirudie.

Fabiani